Simu imesasishwa, gari halisikii: mwongozo kamili wa kuivusha programu ya Bluetooth ya gari

Mwongozo huu ni wa dereva ambaye jana simu yake ilikuwa ikielewana na gari vizuri, usiku ikapokea sasisho la mfumo, asubuhi akafungua programu akakuta imeandika "haijaunganishwa". Nafanya kazi ya simu na redio za magari hapa Mwanga, Kigoma, na tatizo hili naletewa kila toleo jipya la Android linapoanza kuingia kwenye simu za watu. Lenyewe mara nyingi ni dogo. Lakini mtu anafika mezani akiwa ameshafuta programu, ameshafuta majina yote ya Bluetooth, na wengine wameshairudisha simu kiwandani. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: usianze kwa kufuta.

Nililijifunza kwa hasara ya mteja, na bado linaniuma. Alikuwa dereva wa Noah ya Kasulu. Programu yake ya kusoma injini alirushiwa na rafiki kwa faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store, miaka mingi nyuma. Simu ikapanda hadi Android 14, programu ikabaki ndani lakini ikawa haiunganishi. Nikamwambia tuitoe, tuiweke upya. Nikaitoa. Tulipojaribu kuirudisha simu ikaikataa katakata, na hesabu zake za mafuta za mwaka mzima zikapotea. "Sasa fundi, tunafanyaje?" Sikuwa na jibu. Sababu ya simu kuikataa nimeieleza kwenye hatua ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo

Viandae vyote kabla hujagusa kitufe cha kusasisha. Kama simu imeshajisasisha, hatua ya 2 na ya 4 zimekupita, fuata zilizobaki.

- Simu yenye chaji isiyopungua asilimia 60, na chaja yake.
- Wi-Fi, au bando la kutosha. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kuzidi GB 2, na simu inahitaji nafasi ya ziada ya kulifungua. Acha angalau GB 6 wazi.
- Gari lenyewe, limeegeshwa mahali pa wazi, na ufunguo wake.
- Daftari na kalamu. Picha za skrini ni nzuri, ila zikibaki ndani ya simu iliyogoma hazikusaidii.
- Namba ya siri ya kuoanisha, yaani kuitambulisha simu kwa redio mara ya kwanza. Redio nyingi hutumia 0000 au 1234.
- Barua pepe na nywila ya akaunti ya programu, kama inayo.
- Simu ya pili, hata ya kuazima kwa jirani. Hii watu huidharau, na ndiyo inayomaliza ubishi: simu ya pili ikikubali kwenye redio, redio ni nzima na kosa liko kwenye simu yako.

Tenga saa mbili zisizo na safari. Usisasishe usiku wa kuamkia safari ya Tabora.

## Hatua ya 1: Jua ni Bluetooth ipi inayokusumbua

Bluetooth ya gari ina njia kadhaa ndani yake. Kuna njia ya maongezi ya simu, njia ya muziki, njia ya kupeleka majina ya watu kwenye redio, na njia ya data ambayo programu huitumia kuongea na kifaa. Moja inaweza kufa nyingine zikaendelea. Ndiyo maana mtu anasema "Bluetooth imekufa" huku muziki unapiga.

Jiulize programu yako ni ya aina gani. Kuna inayoendesha redio, ile inayotoka kwa mtengenezaji wa redio yenyewe. Kuna inayosoma injini kupitia kile kidude cha ELM327 kinachochomekwa kwenye tundu la matundu 16 chini ya usukani. Na kuna inayojiwasha tu ikiona umeingia garini, ili ihesabu kilomita au ikusomee ujumbe kwa sauti. Kupokea simu na kupiga muziki havihitaji programu yoyote, ni kazi ya simu yenyewe.

Jingine linalochanganya watu wa huku: Bluetooth haitumii mtandao wala bando. Ukivuka Uvinza mnara ukapotea, muunganiko na gari hautakiwi kukatika. Ukikatika hapo, basi programu yako ni ya aina inayoingia mtandaoni kuhakiki akaunti, na dawa yake iko hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Andika hali ilivyo kabla ya kusasisha

Fungua Mipangilio, nenda Programu, chagua programu yako. Andika toleo lake, ruhusa ilizopewa moja moja, na jinsi ilivyowekwa upande wa betri. Kisha nenda "Kuhusu simu" uandike namba ya Android. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu ya pili.

Sababu ni hii: baada ya sasisho hutakumbuka. Kila ninayemuuliza "ruhusa ya mahali ilikuwa imewashwa?" hunijibu "nadhani".

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari ambao mtu mwingine angeweza kuufuata akaipanga simu yako kama ilivyokuwa.

## Hatua ya 3: Sasisha programu kwanza, kisha weka akiba

Watu hufanya kinyume, wanasasisha mfumo halafu ndipo wanakumbuka programu. Android hubadilisha masharti ya Bluetooth mara kwa mara, na ni toleo jipya la programu ndilo linaloyajua. Kuanzia Android 6 hadi 11, programu iliyotaka kutafuta vifaa vya Bluetooth ilidai ruhusa ya mahali, na mahali pawe pamewashwa. Android 12 ya mwaka 2021 ikaleta ruhusa yake ya pekee, "Vifaa vilivyo karibu". Programu isiyokuwa nayo hukaa nje ya mlango hata kama redio iko sentimita 30 kutoka hapo.

Nenda Play Store, tafuta programu yako, angalia tarehe ya mwisho kusasishwa. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, fikiri mara mbili kabla ya kupandisha simu. Sasisho la mfumo likishaingia, kulirudisha nyuma ni kazi ya kufuta simu nzima, na simu nyingi hazikubali kabisa.

Kisha akiba. Programu nyingi za kusoma injini na kuhesabu mafuta zina sehemu ya kuhifadhi nakala ndani yake. Itumie, faili liende kwenye kadi ya kumbukumbu au ujitumie kwa barua pepe. Kama programu ulirushiwa kwa mkono, hifadhi na APK yake.

Onyo, na hapa ndipo nilipomponza yule wa Kasulu. Android 14 ya mwaka 2023 inakataa kusakinisha programu iliyoundwa kwa masharti ya kabla ya Android 6. Android 15 ya mwaka 2024 ikapandisha kizingiti hadi Android 7. Programu iliyokuwa tayari ndani ya simu wakati wa kupanda huachwa ikae. Ukiitoa kwa mkono wako, hairudi kwa njia ya kawaida, hata kama APK unayo. Basi programu ya zamani iliyovuka salama usiitoe kamwe kwa kujaribu.

## Hatua ya 4: Sasisha mfumo

Chomeka chaji, washa Wi-Fi, anza. Usiguse mpaka simu imalize kujizima na kuwaka.

Ukiwa Manyovu au kijiji kingine cha mpakani na unatumia bando, zima kwanza data ya nje ya nchi. Simu hudaka mnara wa Burundi kimyakimya, na GB 2 kwa bei ya ng'ambo zitakumaliza. Dalili yake ni saa ya simu kurudi nyuma saa moja, kwa sababu Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja.

Simu ikishawaka iache ipumue. Huwa na moto na uzito kwa muda, inapanga upya programu zake ndani. Izime na kuiwasha mara moja zaidi, kisha ndiyo uende garini. Wengi hupima dakika ya kwanza, wanaona imegoma, wanaanza kufuta.

## Hatua ya 5: Fungua programu ukiwa bado na mtandao

Baada ya sasisho, baadhi ya programu husahau akaunti na kukutaka uingie upya. Fanya hivyo ukiwa mjini. Ukisubiri mpaka uko porini kati ya Uvinza na Malagarasi, programu itazunguka tu na utaisingizia Bluetooth.

Ikikuuliza ruhusa, soma kabla ya kubonyeza. Ukikataa mara mbili, Android haitakuuliza tena, itabidi uifuate mwenyewe kwenye Mipangilio.

## Hatua ya 6: Rudisha ruhusa moja moja

Chukua daftari lako. Kwa programu ya gari kwenye Android 12 na kuendelea, angalia hizi:

Vifaa vilivyo karibu. Lazima iwe imeruhusiwa.

Mahali. Programu zinazohesabu kilomita au kujiwasha zenyewe zinaihitaji, na kwa hizo chagua "wakati wote". Ukichagua "wakati wa kutumia tu", itafanya kazi skrini ikiwa imewaka, ukiifungia mfukoni inaweza kufa.

Arifa. Android 13 ya mwaka 2022 iliifanya kuwa ruhusa ya kuombwa. Ukiizima hutaona programu ikikuambia kwamba imekatika.

Kusoma arifa za programu nyingine, kwa zile zinazokusomea ujumbe. Kama programu uliiweka kwa faili la APK, Android 13 na kuendelea inaweza kukifunga kitufe hiki kikawa cha kijivu. Nenda kwenye ukurasa wa taarifa za programu hiyo, gusa nukta tatu za juu kulia, ruhusu mipangilio iliyozuiwa, kisha rudi. Fanya hivyo kwa programu unayoijua ilikotoka. Kizuizi kile kipo kwa sababu wezi wa pesa za simu hupitia mlango huohuo kusoma ujumbe wako.

Wa iPhone, kazi yenu ni fupi: tangu iOS 13 kila programu ina swichi yake ya Bluetooth kwenye mipangilio, iangalieni. Na jueni kwamba ELM327 za Bluetooth ya kawaida hazisomeki na iPhone hata bila sasisho lolote. Zinazokubali ni za Bluetooth ya nguvu ndogo (BLE) au za Wi-Fi.

## Hatua ya 7: Pima redio bila programu

Washa swichi ya gari. Piga simu kwa namba yoyote, sauti itoke kwenye spika za gari. Piga wimbo. Kama vyote vinakubali, ruka hadi hatua ya 8, usiguse uoanishaji.

Kama vimegoma, zima gari, toa ufunguo, subiri redio ilale kabisa, kama dakika mbili, kisha washa tena. Imegoma bado? Hapo ndipo tunafuta, na tunafuta pande zote mbili.

Simu na redio zilipooanishwa mara ya kwanza zilipeana ufunguo wa siri, kila moja ikauweka kwake. Sasisho likivuruga ufunguo upande wa simu, redio bado inang'ang'ania ule wa zamani. Ukifuta kwenye simu pekee, redio inasema inakujua huku inakataa kukusikiliza. Kwa hiyo kwenye simu nenda Bluetooth, gusa jina la redio, chagua kusahau. Kwenye redio tafuta orodha ya simu zilizosajiliwa, futa jina la simu yako. Ukiwa humo, futa na simu za madereva waliopita. Redio nyingi hubeba idadi ndogo ya simu, mara nyingi tano, na orodha ikijaa hazipokei mpya.

Magari yetu mengi yametoka Japani na redio ziko kwa Kijapani, na hapa ndipo watu hukata tamaa. Huhitaji kujua lugha. Tafuta maumbo haya matatu: 登録 ni kusajili, 削除 ni kufuta, na 初期化 ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Hilo la tatu liache. Nakushauri uyachore kwenye karatasi uibandike ndani ya kisanduku cha dashibodi. Redio nyingine haziruhusu kusajili simu mpaka hendibreki iwe juu, kwa hiyo menyu ikiwa imefifia vuta hendibreki kwanza.

Onyo: usikubali mtu akuambie tutoe waya wa betri ili redio ijisafishe. Baadhi ya redio za Kijapani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri ambayo hata aliyekuuzia gari hana.

Sasa oanisha upya. Redio ianze kutafuta, simu ikiwa kwenye ukurasa wa Bluetooth, namba zitakazotokea zilingane pande zote, kubali. Simu ikiuliza kama redio ione majina yako, kubali kama unayataka kwenye skrini. Kukataa hakuharibu maongezi.

Umefanikiwa pale unapozima gari, ukakaa dakika kumi, ukawasha, na redio ikaishika simu yenyewe bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 8: Zuia betri isiiue programu

Dalili ya tatizo hili haijifichi. Programu inaunganisha vizuri, unaweka simu mfukoni, dakika chache baadaye imekatika. Ukiwasha skrini inarudi.

Tangu Android 6, simu isiyoguswa hulaza programu ili kulinda chaji. Juu ya hapo, simu nyingi tunazotumia huku zina programu ya kusafisha iliyokuja nazo, nayo huzima chochote kinachofanya kazi nyuma ya skrini. Sasisho la mfumo mara nyingi huirudisha mipangilio hii kwenye ukali wake wa mwanzo, hata kama uliilegeza mwaka jana.

Nenda kwenye ukurasa wa programu, sehemu ya betri, uchague lile chaguo lisilobana kabisa. Kama simu yako ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iweke humo. Kisha fungua orodha ya programu za karibuni na uifunge programu yako kwa alama ya kufuli, ikiwa ipo. Na kile kitufe cha kusafisha, chenye picha ya roketi au ufagio, usikibonyeze ukiwa safarini.

Ni kweli chaji itapungua kidogo zaidi. Kwa dereva mwenye chaja garini naona ni bei ya haki.

## Hatua ya 9: Kwa wenye ELM327

Chomoa kidude, hesabu sekunde kumi, chomeka. Tundu lile lina umeme muda wote, kwa hiyo kuzima gari pekee si lazima kukizime.

Hakikisha ni programu moja tu inayoongea nacho. Kama umejaribu tatu, funga mbili kabisa, kwa sababu anayewahi ndiye anayekishika na wengine huambiwa hakipo. Za Bluetooth ya kawaida huoanishwa kwenye Mipangilio kwanza, kisha huchaguliwa ndani ya programu. Za nguvu ndogo hazitaki kuoanishwa kwenye Mipangilio, unaziunganisha ndani ya programu moja kwa moja. Kukosea hapa ndiko kunakowaangusha wengi baada ya sasisho.

Ukipima injini ikiwa inaunguruma, gari liwe nje. Gereji iliyofungwa hujaa moshi wenye gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukuonya. Na gari likikaa siku kadhaa bila kutembea, kichomoe, kinanyonya betri polepole.

## Hatua ya 10: Sauti ndogo, au majina ya nyimbo yamepotea

Kila kitu kinaunganisha, lakini redio haionyeshi jina la wimbo, au sauti imekuwa ndogo hata ukiongeza. Simu mpya na redio ya zamani hazielewani kuhusu toleo la lugha ya kuendeshea muziki, iitwayo AVRCP.

Nenda "Kuhusu simu", gusa nambari ya muundo mara 7 mpaka ikuambie umekuwa msanidi. Kwenye chaguo za wasanidi tafuta toleo la AVRCP, andika lililopo, shuka ngazi moja, zima na kuwasha Bluetooth, pima. Sauti ikiwa ndiyo tatizo, humohumo kuna swichi ya kuzima usawazishaji wa sauti ya Bluetooth. Badilisha kimoja, pima, ndipo uende kingine. Usichezee kitu kingine humo.

## Kipimo cha mwisho, barabarani

Mpe abiria simu, wewe shika usukani. Toka Mwanga hadi Ujiji na kurudi, skrini ikiwa imezimwa muda wote. Njiani abiria apigiwe simu moja na kupiga nyimbo mbili. Mkifika Ujiji zima gari, nunueni maji, washa tena. Programu ikiwa imehesabu safari zote mbili na haikukatika, imevuka.

Ikigoma baada ya haya yote na ni programu ya zamani isiyosasishwa tena, usiendelee kuisumbua simu yako mpya. Tafuta simu kuukuu yenye Android ya zamani iliyo nzima, ipe kazi hiyo moja tu, izimie masasisho ya mfumo. Usiiache juu ya dashibodi juani, betri huvimba.

Na kwa wanaoegesha gari muda mrefu, mathalani masika yote barabara ikiwa mbaya: tangu Android 11, programu isiyofunguliwa kwa miezi michache hunyang'anywa ruhusa zake bila sasisho lolote. Kwenye ukurasa wa programu, chini, kuna swichi ya kusimamisha shughuli za programu isiyotumika. Izime leo, kabla hujafunga ukurasa huo.